Makala Matano ya Daktari Werema

Werema alikuwa ametoa makala saba kuhusu kibofu cha mkojo, na kila mgeni aliyefika kituo cha utafiti pale Rongo aliyasikia yote saba, atake asitake. Alikuwa Mkuria wa Kehancha, mtoto wa mfugaji. Kazi yake ilikuwa kutundika kipande cha msuli wa kibofu cha ng'ombe ndani ya maji vuguvugu na kupima kinavyojikaza. Wenzake walimtania kwamba amesoma miaka ishirini ili aje kuangalia ng'ombe wakikojoa. Alicheka nao, kisha akarudi kupima.

Makala mawili ya kwanza yalihusu ng'ombe wa kwao Kehancha. Matano yaliyofuata ndiyo yaliyompa jina, maana alionyesha kwamba vibofu vya ng'ombe wa Homa Bay, kando ya ziwa, hujikaza kwa unyonge. Alidhani ni maji wanayokunywa. Mtafiti mmoja wa Kampala alikuwa ameshaanza kazi ya miaka mitatu kwa kuyategemea matokeo hayo. Na mwaka huo wa 1997, faili la kumpandisha Werema cheo lilikuwa linangoja kitu kimoja tu, orodha ya makala yake, ifike Ijumaa.

Jumatatu dereva wa kituo aliugua, Werema akaenda mwenyewe Homa Bay kuchukua vibofu. Kila safari vilisafirishwa ndani ya chupa za maji maalumu ambayo chumvi yake aliipima kwa mizani, chembe kwa chembe. Pale machinjioni alimkuta Rispa, mama aliyemkusanyia vibofu tangu 1992, akichota chumvi ya jikoni kwa kiganja na kuimimina chupani.

"Mama Rispa, hiyo unaweka ni nini?"

"Chumvi, daktari. Hii maji yako nilionja, haina kitu. Si uliniambia nichunge isioze njiani? Hata samaki ya mbuta tunawekanga chumvi ndio ifike soko."

"Ulianza lini?"

"Ile siku ya kwanza," alisema Rispa, na uso wake ulionyesha kwamba anangoja ashukuriwe.

Werema akamshukuru. Akapakia chupa garini, akarudi Rongo.

Kesho yake aliagiza kibofu kimoja kutoka Kehancha akakikata katikati. Nusu aliiweka kwenye maji yake jinsi yalivyo. Nusu nyingine aliitilia chumvi kwa kiganja, akaiacha muda ule ule wa safari ya kutoka Homa Bay. Ile ya kwanza ilijikaza barabara. Ya pili ilijikaza kwa unyonge, unyonge ule ule aliouandikia makala matano. Alirudia mara nne na vibofu vingine, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Alichukua daftari la vipimo, akaenda kueleza yote.

Ombui, mkuu wa kituo, alimsikiliza, kisha akainuka akafunga mlango.

"Bwana Werema, hiyo chumvi mmeiona wewe na huyo mama peke yenu. Leta orodha yako Ijumaa. Ukishapata cheo, utarekebisha polepole."

Werema alitamani sana kumtii. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na nafasi nyingine kama hiyo isingekuja. Lakini yule wa Kampala angeendelea kupoteza miaka yake bure, akitafuta ugonjwa ambao haupo. Alhamisi asubuhi akaketi kumwandikia mhariri wa jarida. Barua ya kwanza ilisema kosa lilifanywa na msaidizi asiye na elimu. Aliisoma, ikampendeza, ndipo akajichukia. Akaichana na kuandika nyingine: kosa ni langu, nayafuta yote matano.

Ijumaa orodha ilifika kwa Ombui ikiwa na makala mawili. Faili likarudishwa kabatini, na Ombui hakumsalimia wiki nzima.

Jumatatu iliyofuata Werema alisimama machinjioni Homa Bay kando ya Rispa na kumwomba asiongeze chumvi tena.

"Kwani hizo za zamani ziliharibika?"

"Ziliharibika, mama. Kosa si lako. Ni mimi sikuwahi kurudi hapa kuangalia."

Rispa alifuta mikono kwenye leso yake taratibu.

"Miaka tano, daktari," akasema. "Na hapa si mbali."