Masanja Alivyojifunza Kukaa

Siku yangu ya kwanza wodini, Matroni alinipa ndoo na dekio, akaniambia, “Hapa pua yako nayo ni kifaa. Harufu ya kidonda ikibadilika, niite.” Mimi nimeishia darasa la tatu, wajukuu zangu, lakini pua ninayo.

Nikaanzia wodi ya akina mama, nikapelekwa ya wanaume, hapo hapo Sumbawanga mjini. Matroni akastaafu, akaja mwingine, pua mimi nikabaki nayo.

Ndipo akaja Masanja, mfugaji wa Mtowisa, kule chini bondeni. Haketi huyo! Msibani kasimama, harusini kasimama, kwao wakasema maringo ya ng'ombe wengi. Kumbe ana jipu sugu juu ya makalio, pale kwenye mfupa wa mkia. Nywele hujichimbia chini ya ngozi, panatoboka tundu, usaha hauishi. Kalificha miaka ishirini, anajua mkewe tu.

Nilipokuwa nakusanya gozi zake chafu za kufungia kidonda, nikasikia harufu ya nyama iliyooza, si usaha ule wa kawaida. Nikachungulia: ukingo wa tundu umeota nyama kama uyoga. Nikamwita Matroni. Daktari wa upasuaji akakata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa. Jibu, kansa. Jipu la hivyo kugeuka kansa ni mara chache sana, na ni lile lililokaa miaka.

Masanja akauliza taratibu, “Daktari, nigawe ng'ombe kwa watoto?”

Daktari akampapasa kinenani. “Mitoki, hizi tezi za hapa, haijavimba. Ingevimba, ningeogopa. Nitakata yote na nyama ya pembeni, na wanaokatwa mapema hivi wengi wanapona. Ila kansa hii hupenda kurudi. Utakuwa unakuja nikague, hata kama huumwi.”

“Yaani nipande mlima wote ule kuleta makalio?”

“Uyalete. Ng'ombe waache.”

Tulicheka mpaka wagonjwa wakaamka. Akakatwa, kidonda kikachukua miezi kufunga. Tangu hapo akawa anapanda na kilo zake za mchele, anakaguliwa, anaambiwa safi, anateremka. Miaka ikaenda.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mganga Mkuu alipotaja jina langu, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Masanja peke yake, mstari wa mbele, alibaki kitini, kajaza kiti chote, ananichekea. Watu wakanong'ona hana adabu.

Nipo Kasense sasa, nalima maharage yangu. Na heshima kama ile ya Masanja sijapewa tena.