Mzungu Anayejulikana Tangu Utotoni

Jumanne iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali mjini Kitale. Mbele yangu alisimama Mzungu mwenye kipara, aliyetaka kibali cha mwekezaji ili afungue kiwanda cha maziwa. Alikuja na mshirika wake, mzee mmoja wa Chwele.

Karani alifungua faili. Mpango wa biashara aliupekua upesi kama mtu anayetafuta picha. Taarifa ya benki hata hakuitazama.

"Barua ya chifu iko wapi?"

Mzee akaitoa mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne. Karani akaisoma kwa sauti: "Mwenye barua hii ni mzaliwa wa lokesheni yangu. Ninamjua tangu utotoni."

Akashusha miwani, akamkagua Mzungu kuanzia kipara hadi viatu.

"Mzee, huyu aliingia Kenya lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Na chifu anamjua tangu utotoni?"

"Si fomu ya chifu ni moja tu, bana! Yeye anajaza jina tu."

Karani akafikiri kidogo, akaupulizia muhuri pumzi, akagonga. "Faili iende Nairobi."

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka nusu. Nilizaliwa hapa hapa Kitale, walikohamia wazazi wangu kutoka Nyeri. Mwaka jana nilipopoteza kitambulisho, nilimwendea chifu wangu kuomba barua hiyo hiyo. Aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole: "Lakini kwenu hasa ni wapi?"