Nyekundu ya Maharage

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anajua kabisa kwamba sina ruhusa ya kumkasirikia. Ni mtani wangu. Kwetu shemeji akikunyang'anya kofia, unacheka. Akikuita mchoyo mbele ya wageni, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye unayetozwa kuku. Basi naandika haya nikiwa nimenuna, na kuku nimeshatoa.

Sebuleni kwangu Handeni nina reli ndogo niliyoipigilia kwenye ubao mpana, yenye stesheni ya maboksi na vilima vya magazeti yaliyolowekwa gundi. Vichwa vya treni ni vya kuchezea, vya chuma, vikuukuu, nilivyovinunua Korogwe kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikifunga duka. Navikwangua rangi ya zamani, navipiga msasa, navipaka upya kwa brashi nyembamba. Watu wanasema ni utoto. Waseme.

Kimoja nilikuwa nakipaka kwa ajili ya baba. Alikuwa dereva wa treni, na sasa, huko kwake Korogwe, presha ya macho inamwibia nuru kidogo kidogo. Daktari alishasema kilichopotea hakirudi. Nilitaka aione injini yake kabla hajafika gizani.

Miezi minne nilichanganya rangi. Nilipaka vifuniko vya makopo, nikapanda basi navyo, baba akavitazama dirishani kimoja kimoja. "Hii ya nyanya," alisema. "Yetu ilikuwa nyekundu ya maharage." Nikarudi, nikaongeza nyeusi tone kwa tone. Kifuniko cha sita alikishika muda mrefu, kisha akasema, "Hii."

Nikakipaka kichwa kile, nikakiacha barazani kikauke, nikaenda shambani Sindeni. Niliporudi kilikuwa bluu, bluu ya tangi la pikipiki, hata namba ya ubavuni imezibwa. Shemeji hupaka rangi pikipiki, na alikuwa amepita na mashine yake ya kupulizia.

"Nimeivisha treni yako suti, shemeji," alisema, na nyumba nzima ikacheka. Mimi nilimfokea hadi majirani wakatoka nje. Ndipo nikatozwa kuku.

Nikaapa kwamba baba ndiye atakayeamua. Kwa baba hakuna utani. Mbele ya mzee huyo shemeji huinamisha macho. Jumamosi nikakichukua kichwa kile vilevile cha bluu, nikaenda na shemeji Korogwe ili asemwe mbele yangu.

Tukamwamkia. Sikueleza kitu, nilimwekea baba treni mkononi tu. Akaenda nayo dirishani kama kawaida, akaigeuza, akaisogeza hadi ikamgusa pua.

"Hapo sasa," alisema. "Nyekundu ya maharage. Umeniletea yenyewe, mwanangu."

Shemeji akainamisha macho.

Sasa treni iko juu ya kabati la baba, na kila mgeni huonyeshwa nyekundu ile. Nikiwapo, wageni hutazama bluu, hunitazama mimi, huitikia. Siwezi kuipaka upya, maana nikiiomba atauliza kwa nini. Hasira yangu haina pa kwenda, na haijapungua hata kidogo.

Juzi shemeji alikuja kwangu na kuku kwapani, akamweka mlangoni bila kutania. Nilimwambia aondoke naye.