Phaser Haiko Flanger

Mimi masomo yangu iliishia ku mwaka ya pili ya primaire, lakini ku sauti hakuna mutu wa Butembo wa kunifundisha. Nilianza na kutengeneza maredio, nikafika ku orkestra yangu mwenyewe. Wakati wa vita nilikuwa na bisanduku bibili bya kubadilisha sauti ya gitare, bile bya kukanyaga na muguu: phaser na flanger. Batu balisema ni kitu moja. Bajinga.

Phaser inazungusha sauti. Inatoboa matundu kidogo ndani yake, matundu yanapanda na kushuka pole, laini kama moshi ya jikoni. Flanger inakamata sauti ile ile, inaichelewesha kidogo sana, inaiweka tena juu ya ile ya kwanza. Donc matundu yanakuwa mingi, yamepangana kama meno ya kisanuo, na gitare inalia chuma, kama ndege inapita juu ya nyumba.

Siku moja tulipiga ku ndoa kule Beni, mchana. Komanda wa basoda benye balikuwa bameshika muji akaingia na batu yake.

“Muzee, ile kisanduku ya kulia ndege. Leta.”

Ile flanger niliitafuta mpaka Kampala. Nikaisukuma mu sanduku yangu, nikamupatia phaser; akasema tuipige kwanza, asikie. Musoda anajua nini?

Mupiga solo wangu, ndugu ya muke wangu, akanisemea mu sikio: “Shemeji, acha. Huyu atasikia.”

“Funga kinywa. Piga.”

Akapiga. Komanda akafunga macho, akacheka.

“Hii inazunguka tu. Chuma iko wapi? Papa, unaona mimi ni mbuzi? Nani alibadilisha?”

Nikanyooshea shemeji kidole.

“Ni yeye njo anachungaka bisanduku.”

Shemeji akaniangalia. Hakukana. Basoda bakaweka mukono wake wa kushoto juu ya bafle yangu, ile spika kubwa, bakaponda na kitako ya bunduki, mara mbili. Mikro ilikuwa ingali wazi. Bageni bote balisikia mifupa.

Kisha bakafungua sanduku yangu, bakabeba flanger.

Phaser iko hapa, nzima. Shemeji anauzaka maharagi ku soko ya Kirumba. Bidole bitatu habikunjiki tena. Nikipita kule ananipimia vizuri, anaongeza hata kiganja moja juu.

“Karibu, patron,” anasema, kama kwa bosi.

Ile ya “shemeji”, hajaniita tena.