Shavu la Wilf kwenye Picha ya Timu

Wilf Hesketh alikuwa nahodha na beki wetu wa kati, chuma kweli. Vita vikampeleka jeshi la anga. Ndege yao ikashika moto, naye akarudi shavu la kushoto limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mpira akacheza vilevile, na washambuliaji walimkoma.

Siku ya kupiga picha ya timu, ile inayotundikwa baa kila mwaka, mwenyekiti wetu Ormerod, mwenye bucha, akamwambia, "Wilf, mwanangu, leo kaa pembeni, ugeuze uso kidogo. Watu watakuwa wanakula."

Nilitaka kumrukia. Wilf akanizuia kwa mkono, akaenda kukaa katikati, kwenye kiti cha nahodha, mpira miguuni.

"Mliponisindikiza vitani kwa tarumbeta mlinitazama usoni," akasema. "Basi nitazameni na leo."

Akamgeuzia mpiga picha shavu la kushoto.

Picha ile iko juu ya kaunta mpaka leo. Mteja akinung'unika, mama mwenye baa humjibu, "Kama chakula hakishuki, mlango ule pale. Wilf haondoki."