Nilisoma ripoti ya mazuku ukurasa mmoja kwa siku, kwa sababu ya kiwanja cha mama mkubwa

Wakuu, salamu kutoka Goma. Mimi humu husoma tu, siandiki. Hii nimeiandika kwa siku tatu, na ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Mama mkubwa wangu alikimbia vita kule Kibumba na watoto wanne. Shemeji yake akampa kiwanja upande wa Lac Vert. Alitaka nyumba ikae kwenye kibonde cha kiwanja, upepo usiisumbue, halafu aizungushie ukuta wa mawe meusi ya volkano kama kila mtu huku.

Mimi kibonde kile kilinitia wasiwasi. Nilikuta mijusi wawili wamekufa humo, hawana jeraha.

Huku tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Ila kila mtu anasema iko kwa jirani.

Kuna mkuu humu aliwahi kuweka link ya maktaba ya kidijitali, yenye ripoti za serikali na za watafiti wa volkano, bure. Nika-download moja. Ndefu, Kifaransa kitupu. Mimi niliishia la sita, na hata Kiswahili nasoma polepole.

Nikaamua: ukurasa mmoja kwa siku. Neno gumu naliandika kwenye kaye, daftari langu, jioni namuuliza mwalimu wangu wa zamani. (Aliniuliza kama nitarudi shule. Niliona haya, nikamwonyesha neno lingine.)

Wiki ya nne nikafika penyewe. Hewa ile ni nzito, hukaa mabondeni, na ukuta huizuia isitawanyike. Anayelala chini ndiye huivuta kwanza.

Watoto wa mama mkubwa wanalala kwenye mkeka.

Kwenye ramani ya ripoti kulikuwa na alama nyekundu ya mazuku karibu kabisa na kiwanja kile. Nikamwonyesha fundi aliyepewa kazi ya kujenga, tunamwita Papa Masoni. Akacheka.

"Wewe mutoto wa primaire ndiye docteur wa volcan sasa? Mawe nimeshavunja."

Kubishana siwezi. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, nikaweka mshumaa ndani ya kopo, nikafunga kamba. Nikasimama ukingoni, nikaushusha kibondeni mbele ya fundi na mama mkubwa. (Msishuke wenyewe, wakuu.)

Upepo haukuwepo. Mshumaa ulizimika kabla kopo halijagusa chini. Nikawasha tena, ukazimika palepale.

Mara ya tatu Papa Masoni alichukua kamba mwenyewe. Alipovuta kopo juu hakunitazama.

"Mama, hapa watoto hawalali," akasema. "Mawe tunapandisha kule juu, barabarani."

Sasa nyumba iko juu. Upepo unapiga mabati kutwa, na mama mkubwa analalamika kelele. Acha upige.

Nilichojifunza: zile ripoti zinaeleza ardhi tunayolalia, na zimekaa tu humo mtandaoni. Usiogope kwa kuwa umesoma kidogo.

Jirani wa bondeni ameanza kujenga ukuta. Naandika upya ukurasa ule kwa Kiswahili, nimpelekee.

Mwenye ramani ya upande wa Kibati aiweke hapa, na aliyeona mazuku kwao aseme. Nitasoma yote. Ukurasa mmoja kwa siku.