Doa la Mawese Kwenye Saruji ya Shemeji

Mtu akikuambia kwamba haya ni maneno ya kunogesha mazungumzo, mwambie aje Kabonga anitafute. Nitamweleza mbele ya dada yangu Goreti, aliyeyaona kama mimi. Sinywi pombe, siumwi, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na akili zangu zilikuwa timamu kabisa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikokulia ukimbizini. Wakati nasubiri kurudishiwa shamba la wazazi wetu la Kabonga, nilikaa Rumonge kwa dada Goreti. Mumewe, shemeji Salvator, alikuwa akifanya biashara ya mawese. Alikuwa na kamyoneti, pikapu ya kubebea bidoni, yale madumu ya mafuta, na nyumba nzuri juu kidogo ya barabara ya Bujumbura. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni ile njia ya saruji aliyoimwaga kutoka getini hadi garaji. Ilipanda taratibu, laini, nyeupe. Ungeikanyaga na viatu vya tope, ungeona anavyokunja uso.

Jioni moja alirudi kutoka upande wa Minago, gari limelowa. Akasema amepitia ziwani kuliosha. Nani angeuliza? Watu wengi huosha magari ziwani. Asubuhi yake tukakuta doa katikati ya saruji.

Halikuwa jeusi kama oili ya gari. Lilikuwa jekundu, linang'aa, ungesema mtu amemwaga sufuria ya mawese. Nikachukua unga wa mbao nikanyunyiza ufyonze mafuta, nikafagia, nikamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ngumu mpaka mabega yakauma. Likatoka. Niamini, lilitoka lote. Kulipokucha lilikuwa limerudi, na limepanuka.

Salvator akamleta fundi wake. Fundi akalala chini ya gari, akatazama, akatoka anajifuta mikono.

"Patron, hapa hakuna kitu inavuja. Na tena hii haiko oili ya motere. Hii iko mawese."

Salvator akalihamishia gari kwa rafiki yake. Doa likaja bila gari. Akanunua dawa kali, ile inayotoa moshi ukiimwaga. Ikala ngozi ya saruji, ikaniunguza vidole, na doa likabaki pale pale. Dada akaanza kusali akiwa amesimama getini. Mimi nilidhani kuna jirani mwenye wivu anayeruka ukuta kuja kumwaga mafuta. Wewe ungefikiri nini?

Ndipo ikaja siku ya mvua. Salvator alikuwa sokoni, dada kanisani. Nikasema ngoja nitumie maji ya mvua, nikatoka na brashi. Nilikuwa nimeinama nasugua niliposikia mtu nyuma yangu.

"Amahoro, dada."

"Amahoro," nikajibu, nikageuka.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kitenge cha kijani, ngata ya kubebea mzigo ikiwa bado kichwani. Geti nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Lakini si hilo lililonishtua. Mvua ile ilikuwa kubwa, mimi nimelowa mpaka mifupani, na yeye alikuwa mkavu. Mabega yake yalikuwa na vumbi. Vumbi la barabarani, lile jekundu la kiangazi, na hakuna tone lililoligusa.

"Unachoka bure," akasema. "Hii mafuta iko yangu."

Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya saruji, polepole, kama mama anayefuta uso wa mtoto. Kilipopita kiganja, saruji ikawa nyeupe kuliko siku ilipomwagwa. Alifuta sehemu ndogo tu, kisha akaacha.

"Mwambie mwenye motokari aje Minago, pale kwenye kona. Aniombe yeye mwenyewe. Akija, nitaifuta yote."

"Nimwambie ni nani amesema?"

"Atanijua."

Nikapepesa macho kwa sababu ya mvua. Nilipofumbua, hakuwepo. Geti bado limefungwa. Ile sehemu nyeupe ilibaki, na alama za vidole vinne.

Salvator aliporudi nilimweleza mbele ya dada. Niliona rangi ikimtoka usoni. Akatuambia tunyamaze, tusiseme tena habari hiyo. Lakini Goreti si mtu wa kunyamazishwa.

"Ulifanya nini Minago, baba Kelly?"

Akasema anatazama ukuta. "Nilimugonga mwanamuke. Alibeba bidoni ya mawese. Ikapasuka juu ya gari."

"Ulimpeleka hospitali?"

"Nilikuwa na haraka."

"Alikuwa amekufa?"

Dada akauliza tena, akipiga meza. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwanamke alikuwa hai. Alikuwa akimwomba awaite watu. Dada alilia, akamsihi waende Minago usiku huo huo, yeye atapiga magoti pamoja naye. Salvator akasimama.

"Niende kuomba maiti musamaha? Mimi?" akasema. "Kesho namwaga saruji mupya juu. Tutaona."

Na kweli, kesho yake mchana alirudi na gari limejaa mchanga na saruji. Akalipandisha hadi juu, karibu na garaji, akavuta freni ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tuliyaona mawe hayo, mimi na dada, makubwa. Tukamwacha anachanganya saruji, tukaenda nyuma jikoni kutwanga sombe, majani ya mihogo. Kutoka jikoni hadi pale si mbali hata kidogo. Ukikohoa getini, jikoni wanakusikia. Sisi hatukusikia chochote.

Sombe ilipoiva, dada akaenda kumwita aje kula. Nikasikia anapiga kelele.

Gari lilikuwa limeteleza kinyumenyume, na Salvator yuko chini yake, miguu imesagwa. Alikuwa hai. Koo lilikuwa limekauka kwa kuita. Wakati majirani wanalinyanyua gari, alinishika sketi.

"Niliwaita," akasema. "Niliwaita mpaka sauti ikaisha. Yeye alikuwa amekaa hapa, ananitazama. Nikamwambia, niitie watu. Akaniambia, 'Na mimi nilikuambia hivyo hivyo.'"

Tulipomtoa, niliangalia chini. Saruji ilikuwa nyeupe tupu. Hakuna mawese. Hakuna hata damu yake.

Alipona, kama kukatwa miguu yote miwili ni kupona. Hatembei, hauzi kitu, na harufu ya mawese ikipita dirishani analia kama mtoto. Mnaniuliza kama namhurumia? Nampa chakula nikienda kwao. Zaidi ya hapo, hapana.

Mimi na dada tulikwenda Minago. Watu walituonyesha nyumba ya mama yake yule mwanamke, mama mzee mnene, anachambua mihogo mlangoni. Dada akapiga magoti akaomba msamaha. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ni wewe ulimuona? Alikuwa namna gani?"

"Alikuwa na vumbi mabegani, mama. Lakini alisimama vizuri."

Akatabasamu. Mungu ni shahidi yangu, alitabasamu.

"Nilimutuma," akasema. "Siku ya kumuzika niliinama kwa sikio yake. Nikamwambia, usipumuzike kwanza."

Nikamwambia basi sasa amepumzika, kazi imekwisha. Akatikisa kichwa, akaendelea na mihogo yake.

"Mu ile gari walikuwa wawili. Watu wa baiskeli waliwaona."

Tulimuuliza Salvator. Mpaka leo anakataa kumtaja huyo mwingine, anageukia ukuta.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayenisikiliza. Ukigonga mtu, simama. Na ukiwa ulikaa pembeni ya dereva siku ile, ukamwambia twende, au ukanyamaza tu, na sasa nyumbani kwako kuna doa jekundu lisilotoka, usinunue sabuni. Nenda Minago, umuulize mama yule anayechambua mihogo. Nenda mchana huu huu. Atakusikiliza au hatakusikiliza, mimi sijui, lakini usimsubiri binti yake aje kwako.